Pedi ya breki imeisha upande mmoja: diski zikerezwe au zibadilishwe?

Mkulima wa Njoro
Habari zenu, mafundi na madereva. Nina pikapu ya dizeli ninayobebea viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru. Kwa wiki mbili sasa, nikikanyaga breki mteremkoni, gurudumu la mbele la kushoto hukwaruza chuma kwa chuma na usukani hutetemeka mikononi. Nimelifungua nikakuta pedi ya ndani imeisha hadi bati lake linalima diski, ilhali ya nje imebaki na milimita nne hivi. Muuza spea ananishauri ninunue pedi pekee na diski nizipeleke zikakerezwe, yaani zichongwe kwa mashine ziwe laini. Nina jeki, stendi mbili, spana na sakafu ya saruji. Je, niifanye kazi hii mwenyewe, na je, ushauri wa diski ni sahihi?

Fundi, Kisumu
Pole, ndugu Mkulima. Tafuta kwanza kilichoimaliza pedi moja na kuiacha nyingine, la sivyo hata mpya zitaliwa vivyo hivyo. Ikiwa kalipa yako (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) huteleza juu ya pini mbili, yaelekea pini moja imekwama kwa kutu, hivyo pistoni inaikandamiza pedi ya ndani huku kalipa ikishindwa kusogea na kuivuta ya nje. Chomoa pini zote, zisugue kwa msasa laini, kagua mipira yake kama imepasuka, kisha uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huivimbisha mipira na pini hukwama tena.

Diski huwa imechapwa unene wa chini unaoruhusiwa. Ipime kwa maikromita mahali pedi inapopita, kwa maana ukingo wa nje usioguswa na pedi hubaki mnene na utakudanganya. Kukereza kunapunguza chuma, na diski nyembamba hupata moto upesi. Kwa gari linaloteremka na mzigo, mimi singekereza diski iliyolimwa hivyo. Badilisha zote mbili za mbele pamoja na pedi za pande zote.

Dereva, Kericho
Naunga mkono. Niongeze kwamba habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hufungwa, lazima isuguliwe kwa brashi ya waya. Mwaka jana nilifunga diski mpya juu ya kutu, usukani ukaendelea kutetemeka, ikabidi nifungue upya. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshe yaishe. Kalipa nayo uitundike kwa waya, isining'inie kwenye paipu yake.

Mkulima wa Njoro
Asanteni sana. Pini ya chini ilikuwa imekwama kabisa, nikaitoa kwa kuizungusha polepole. Diski imechapwa milimita 23, nami nimepima 22.4, kwa hiyo nimenunua mpya. Nimeshafunga kila kitu, lakini pedali inazama hadi chini. Nimekosea wapi?

Fundi, Kisumu
Hujakosea. Ulizirudisha pistoni ndani ili pedi nene zipate nafasi, nazo bado hazijazifikia pedi. Kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, kisha uangalie kiwango cha mafuta ya breki. Ikibaki laini, kuna hewa ndani, usitoke nyumbani kabla ya kuitoa. Ikiwa ngumu, zizoeshe pedi mpya na diski: tafuta barabara tambarare isiyo na magari, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa mara kumi bila kusimama kabisa, ukiacha breki zipoe kidogo kila mara. Viazi vipakiwe baadaye.