Pikapu ya V8 inaishia sekunde 15.62 robo maili: nianze kurekebisha nini?

BodiFupi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa kupunguza muda wa pikapu kwenye mbio za dragi za robo maili (mita 402). Ni ya petroli, V8 ya lita 5.3, giaboksi otomatiki ya gia nne (3.06, 1.63, 1.00, 0.70), inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ni 3.42 ya kawaida isiyofunga, nyuma kuna springi za mabamba, tairi ni 265/70R17. Uzito pamoja na dereva ni kilo 2,220. Injini inakata kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika.

Tiketi (karatasi ya muda) nzuri kuliko zote mpaka sasa: futi 60 za mwanzo kwa sekunde 2.45, mita 201 kwa 10.05, mwisho 15.62 kwa kasi ya km 144 kwa saa. Ikiondoka, tairi moja la nyuma linazunguka bure, na mara nyingine ekseli nzima inarukaruka.

Kuna wanaonishauri nibadilishe kamshafti, wengine wanasema gesi ya naitrasi. Lengo ni kushuka chini ya 14.5, lakini gari bado inabeba mzigo siku za kazi. Je, mifuko ya mchanga nyuma inasaidia? Na upepo wa tairi uwe kiasi gani?

FundiDifu

Mkuu, tiketi yako imeshajibu nusu ya swali. Kasi ya mstari wa mwisho inaonyesha nguvu ya injini, na futi 60 zinaonyesha nguvu hiyo inafikaje chini. Kilo 2,220 kuvuka mstari kwa km 144 kwa saa zinahitaji nguvu za farasi kama 270. Hiyo injini ni nzima. Kinachokuumiza ni ile 2.45. Pikapu ya uzito huo ikishika barabara vizuri inaweza kufanya 2.10 au chini ya hapo. Kila sehemu moja ya kumi ya sekunde unayookoa kwenye futi 60 inakuja kuwa 0.15 hadi 0.2 mwisho wa robo maili. Fanya hesabu: karibu nusu sekunde iko pale pale kwenye mstari wa kuanzia, na hujagusa injini. Ukiongeza farasi sasa hivi utaongeza moshi wa tairi.

Anza na huko kurukaruka, kwa sababu ndiko kutakakovunja kitu. Tairi likisukuma gari mbele, ekseli inajaribu kuzunguka upande wa pili, pua ya difu inapanda juu na springi zinajipinda kama herufi S. Springi zikichoka kujipinda zinaachia kwa ghafla, tairi linapoteza mshiko, linashika tena, linaachia tena. Kila mruko ni nyundo kwenye krosi (viungo) za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, kwenye meno ya pinioni (gia ndogo ya difu) na bolti za katikati ya springi. Ikianza, toa mguu kwenye mafuta mara moja. Usiibembeleze eti itatulia.

Dawa ni kuizuia ekseli isijipinde. Kwa gari linalobeba mzigo ninapendelea vyuma virefu vinavyofungwa kwenye ekseli na kwenda mbele hadi kwenye chasi, ncha ya mbele ikiwa na kiungo kinachobembea. Kiungo hicho kinaacha springi ipande na kushuka yenyewe na mzigo wake. Chuma kinafanya kazi pale tu ekseli inapotaka kuzunguka. Vyuma vifupi vyenye mpira unaogonga chini ya jicho la mbele la springi ni nafuu na vinasaidia, ila mpira lazima uwe chini ya jicho lenyewe. Ukiwa nyuma kidogo ya jicho, unasukuma bamba na kulipinda.

Jambo jingine linalosahaulika: bana mabamba ya nusu ya mbele ya springi kwa klempu mbili, ile nusu ya nyuma iache huru. Nusu ya mbele ndiyo inayosukuma gari, nusu ya nyuma ndiyo inayolainisha mwendo. Ukibana zote, nyuma inakuwa ngumu kama ubao na unapoteza mshiko uliokuwa unautafuta.

Kisha pima pembe ya pua ya difu dhidi ya propela, gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, si limening'inia kwenye jeki. Kwa springi za mabamba zisizo na vyuma, pua iinamie chini nyuzi 5 hadi 7 ikilinganishwa na propela. Ukishafunga vyuma, nyuzi 2 hadi 4 zinatosha. Unarekebisha kwa kabari za chuma kati ya springi na kiti chake. Tumia yubolti mpya, kisha zikaze tena baada ya kilomita 100 hivi, maana kabari hukaa vizuri na kulegeza nati.

Difu isiyofunga ni lazima iondoke. Inapeleka nguvu kadiri ya lile tairi lenye mshiko mdogo, ndiyo maana unaona moja tu linazunguka. Weka difu ya kufunga yenye klachi au ya gia. Ile iliyofungwa moja kwa moja bila kuachia haifai kwa gari la barabarani, kona zitakula tairi na ekseli.

Na ukifungua difu, badilisha krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni humo humo, kazi ni moja. Hesabu ya mizunguko ni hii: kasi ya km kwa saa, mara 5.305, gawa kwa kipenyo cha tairi kwa mita, mara difu, mara gia. Tairi lako lina kipenyo cha mita 0.803. Kwa km 144 ukiwa gia ya pili unapata kama 5,300, yaani leo unamaliza mbio nzima bila kuingia gia ya tatu. Weka difu ya 4.10 na tairi la mita 0.711, msukumo wa gia ya kwanza kwenye lami unapanda kwa asilimia 35. Utaingia ya tatu ukikaribia km 115, na kumaliza kwenye mizunguko kama 4,400, ongeza kidogo kwa utelezi wa konveta (kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi). Meno mapya usiyapeleke mbioni siku hiyo hiyo. Endesha taratibu bila mzigo kama dakika 20, acha yapoe kabisa, rudia mara kadhaa, kisha mwaga mafuta ya difu baada ya kilomita 800.

Usisahau kuisahihisha kompyuta ya gari kwa difu na tairi jipya. Bila hivyo, spidomita inadanganya na otomatiki inabadilisha gia mahali pasipofaa.

MshikoKwanza

Nachukua swali la tairi na mchanga.

Mchanga hapana. Kwanza mifuko inahama wakati wa kuondoka, na uzito wowote wa kuongeza mbioni unatakiwa kufungwa kwa bolti kwenye chasi. Pili, kilo 45 zinakugharimu takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tairi sahihi linakupa mshiko zaidi ya mchanga na halina gharama hiyo.

Kwa pikapu, la maana ni uzito unautoa wapi. Pua ni nzito, mgongo mwepesi. Watu wanakimbilia kutoa mlango wa bodi, bampa ya nyuma na spea, kisha wanashangaa futi 60 zimeharibika. Toa vya mbele kwanza, halafu hamishia betri kwenye bodi, nyuma ya ekseli. Unaondoa kama kilo 20 puani na kuziweka zinapohitajika. Tumia waya mnene wa milimita mraba 50, fyuzi karibu kabisa na betri, na swichi ya kukata umeme upande wa nje nyuma ya gari. Swichi hiyo lazima izime na injini pia. Ikikata betri peke yake, altaneta inaendelea kulisha na gari linaendelea kunguruma, utakataliwa kwenye ukaguzi.

Spea toa, jeki toa, vifaa toa. Petroli ibaki robo tanki. Chini ya hapo, inakimbilia nyuma wakati wa kuondoka na pampu inaweza kunyonya hewa.

Tairi: 275/60R15 laini za dragi zinazoruhusiwa barabarani zina kipenyo cha milimita 711, kile kile alichokipigia hesabu FundiDifu. Pima kwanza kama rimu ya inchi 15 inapita juu ya kalipa yako ya breki, kwa pikapu nyingi zenye diski nyuma haipiti. Ikikataa, 305/45R17 ina kipenyo karibu sawa, ila inataka rimu ya upana wa inchi 10. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba katikati na linashika kwa ukanda mdogo.

Upepo anza na psi 18 nyuma, shuka psi moja moja. Soma alama uliyoacha chini: ikiwa nyeusi katikati na hafifu pembeni, upepo umezidi; pembeni nyeusi katikati hafifu, umepungua. Kwa uzito wako nisingeenda chini ya psi 14, ukuta wa tairi unaanza kuyumba na gari linatangatanga kwenye kasi kubwa. Ukibaki na tairi zako za sasa, shusha hadi psi 26 au 28 tu. Mbele weka juu, karibu na kikomo kilichoandikwa ubavuni, ili zizunguke kirahisi. Jaza upepo wa nyuma kabla hujatoka uwanjani.

Kuchoma tairi: zunguka dimbwi la maji, usipitishe magurudumu ya mbele ndani yake, rudi nyuma kidogo mpaka tairi za nyuma zilowe, kisha sogea mbele ya maji ndipo uchome. Tairi laini zinataka moshi mwepesi basi, ukizidisha unapika mpira na kuuharibu. Tairi za kawaida zisafishe tu, kuzipasha moto sana kunazifanya ziteleze.

Konveta

Waliotangulia wamesema kweli. Naongeza mawili.

Konveta ya kiwandani kwenye gari kama hilo inashikilia injini chini sana, kabla haijafika penye nguvu. Kwa mbio tupu ningesema inayoacha injini ipande hadi mizunguko 2,800 hadi 3,200 kabla ya kushika. Lakini unabeba mzigo, kwa hiyo usipite 2,600 au karibu na hapo, na chagua yenye klachi ya kujifunga ili barabara ndefu zisipike mafuta. Kipoza mafuta cha giaboksi kifungwe siku ile ile. Mafuta yakikaa chini ya nyuzi 95 giaboksi inaishi. Yakizoea kupita 120 yanaacha utando kwenye vali na klachi zinaanza kuteleza.

La pili ni propela, na kwa pikapu hili si dogo kwa sababu propela ni ndefu. Leo ukivuka mstari inazunguka kama 3,250 kwa dakika. Kwa difu 4.10 na tairi dogo itakuwa 4,400 kwa kasi ile ile. Propela ndefu ya kipande kimoja ina mzunguko ambao ikiufikia inaanza kupinda kama kamba ya kuruka. Ipeleke ikasawazishwe, waeleze urefu, kipenyo na mizunguko unayotarajia, wao wakuambie kama inafaa au utengeneze nene zaidi ya aluminiamu. Na funga pete ya usalama ya kuizunguka, isizidi sentimita 15 kutoka krosi ya mbele. Krosi ya mbele ikikatika bila pete, propela inachimba chini na kulinyanyua gari.

BodiFupi

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini kamshafti isubiri. Mambo mawili yamebaki. Naitrasi kidogo, ya farasi 100, ni hatari? Na kwenye mstari niondoke vipi, nishikilie breki mizunguko mingapi?

FundiDifu

Naitrasi yenyewe haivunji injini, upungufu wa petroli ndio unaoyeyusha pistoni. Kwa farasi 100: plagi za baridi zaidi kwa hatua moja, rudisha nyuma (chelewesha) muda wa cheche nyuzi 4, hakikisha shinikizo la petroli halishuki ukikanyaga mpaka mwisho, na weka swichi isiyoruhusu gesi chini ya mizunguko 3,000. Ikipulizwa chini ya hapo, mchanganyiko unaweza kulipukia kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa). Ila kabla ya gesi, panga upya programu ya kompyuta. Mchanganyiko uwe sehemu 12.6 hadi 12.8 za hewa kwa moja ya petroli ukiwa umekanyaga mwisho, na upunguze ule ukataji wa nguvu ambao kiwanda kimeuweka wakati wa kuondoka na kubadilisha gia. Ukifanya hivyo pamoja na egzosi na hewa baridi, 14.5 inafikika bila naitrasi. Usijumlishe tu faida za tairi, difu na konveta kila moja peke yake; zote zinakutana kwenye zile futi 60.

Kuondoka: zima mfumo wa kuzuia utelezi. Ingia mstarini taratibu, ukiona taa ya pili ya kujipanga imewaka simama hapo hapo. Saa ya muda inaanza tairi la mbele linapoachia mwale wa mwanga wa mstarini, kwa hiyo ukiingia kwa kina unajinyima sentimita kadhaa za kupata mwendo kabla saa haijaanza. Kuchelewa kwako kwenye taa hakuingii kwenye muda wa robo maili, basi ukiwa unajaribu gari usiharakishe. Shikilia 1,500 kwa sekunde mbili, zisizidi tatu, mafuta ya giaboksi yanapanda joto haraka sana hapo. Likishika, panda 200 kila safari mpaka tairi lianze kuzunguka, kisha rudi hatua moja. Badilisha kitu kimoja kwa safari, na andika upepo wa tairi na joto la hewa nyuma ya kila tiketi.

Siku ya mzigo fungua zile klempu za springi. Mabamba yaliyobanwa yakipakiwa tani nzima yanakatika palepale ukingoni mwa klempu.