Msuku wetu unachanua kila mwaka lakini hauzai. Ni msuku kweli?

Mama wa Kalebuka

Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, upande wa Kalebuka. Tuliponunua lupango, yaani kiwanja, mwaka 2011, fundi alitaka kung'oa miti yote apate nafasi ya ukuta. Nilimzuia asiguse mmoja, ule wa kona ya nyuma, maana majani yake niliyatambua mara moja: mapana, magumu kama ngozi, yamejikusanya kwenye ncha za matawi. Nimekulia njia ya Kasenga. Mvua za kwanza zikishanyesha, mama alikuwa anatuamsha kabla ya jua tuende kuokota masuku chini ya miti, kwa sababu lililoanguka lenyewe ndilo tamu. Beseni lilifika sokoni limepungua, na mama hakutugombeza.

Sasa mti umepita paa la nyumba. Kila mwaka, mvua ikiwa imekolea, unatoa maua madogo ya manjano yenye ukijani. Nyuki wanajaa mpaka watoto wanaogopa kupita. Halafu maua yanaanguka yote, mimi nafagia. Tunda hata moja sijaliona.

Jirani anasema ni mti tasa, niukate nipate magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Shemeji yangu anasema si msuku, porini kuna miti inayofanana nao. Na mtu mmoja sokoni kaniambia masuku ni ndugu wa nefle, yale matunda ya njano yaliyotoka Asia. Nimsadiki nani? Nawaomba mnijibu kabla jirani hajarudi na shoka, kwa sababu hilo neno "tasa" linaniuma. Dada yangu mkubwa aliitwa hivyo miaka mingi, na mwenye shida alikuwa mume.

Mtunza kitalu, Kasapa

Mama, usikate. Ulivyoeleza, nadhani mti wako ni dume.

Misuku ina jinsia mbili kwenye miti miwili tofauti. Mti dume unatoa maua dume tu, na mti jike maua jike tu. Sisi wote tunajua mpapai dume, ule unaoning'iniza maua marefu bila papai. Mpapai na msuku si jamii moja, lakini habari ni hiyohiyo. Mwezi wa pili chuma ua moja ulipasue. Maua ya dume na ya jike yote yamezungukwa na vijani vya manjano ambavyo mtu anadhani ni petali. Kwenye dume, ndani kuna kirundo cha vijiua vidogo vimebanana kama kidonge, na ukikigusa unga wa njano unabaki kidoleni. Kwenye jike utakuta ua moja tu, lenye kitunda kibichi katikati, na juu yake vitu kama vidole vilivyochanika vimelala. Vile ndivyo vinavyopokea ule unga.

Shemeji hajakosea kwamba kuna inayofanana. Msuku wa kuliwa ni *Uapaca kirkiana*. Hapa kwetu upo pia *Uapaca nitida*, wenye majani membamba yanayong'aa na kikonyo kirefu, na *Uapaca pilosa* wenye manyoya. Wako, kama ndio wenyewe, jani ni pana, linapanuka zaidi kuelekea ncha, kikonyo kifupi sana, na mishipa ya pembeni inaonekana wazi, jozi kumi na zaidi. Angalia jani leo, ua litasubiri.

Nefle ni mbali kabisa. Ile ni *Eriobotrya japonica*, ya familia ya waridi na tofaa. Watu wameifananisha kwa rangi ya tunda tu. Ukimega masuku unakuta kokwa 3 au 4 zimevikwa nyama nata, wakati nefle ina mbegu laini za kahawia zinazoteleza.

Mwanafunzi wa biolojia

Samahani tata, kitabu tulichosomea kinaweka Uapaca kwenye Euphorbiaceae, pamoja na muhogo na mbarika. Wewe unaiweka wapi?

Mtunza kitalu, Kasapa

Kitabu chako ni cha zamani, hakikudanganya kwa wakati wake. Ile familia ilikuwa kubwa mno. Walipolinganisha DNA waliona imekusanya koo ambazo hazikustahili kukaa pamoja, na mwaka 2003 mpangilio wa APG, kundi la wataalamu wanaopanga familia za mimea, ukaitambua Phyllanthaceae kama familia yake. Msuku uko humo. Hata kwa macho unaona tofauti: muhogo ukiukata unatoa utomvu mweupe, msuku hautoi. Na ndani ya ovari, ile sehemu ya ua inayogeuka tunda, kila chumba cha Phyllanthaceae kina viiniyai 2, wakati cha muhogo kina 1.

Jina la jenasi alilitoa Mfaransa Baillon mwaka 1858, kutoka Kimalagasi, *voapaka*. Madagaska wana ndugu yake, tapia, ambao majani yake yanalisha viwavi wa hariri. Spishi yetu ilitajwa na Müller, Mswisi, mwaka 1864, na *kirkiana* ni kwa heshima ya John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone kwenye Zambezi. Mimi hilo linanihuzunisha kidogo, kwa sababu Wabemba walikuwa na jina masuku siku zote, na Watanzania wana mkusu.

Mzee wa makala, njia ya Likasi

Mama, nisikilize mimi niliyekata miti miaka 20. Tulipoingia porini tuliacha misuku inayozaa, maana wanawake wa kijiji wangetulilia. Ile isiyozaa tuliikata yote, tukiiita ya bure. Baada ya misimu michache akina mama walilalamika kwamba ile tuliyoiacha imepunguza matunda. Hakuna aliyetuambia tumewaua waume. Nilielewa nikiwa nimeshaacha kazi.

Tena tazama chini yake mvua zikinyesha. Bowa, yaani uyoga, zinazotoka kwenye misuku hazioti popote tu, zimeshikana na mizizi.

Mama wa Kalebuka

Asante sana bababa. Jani nimeliangalia: kikonyo kifupi, mishipa nimehesabu jozi 14. Ni msuku. Maua nitasubiri.

Mama wa Kalebuka (Februari)

Nimerudi. Leo asubuhi nimepasua maua matano ya matawi tofauti. Yote ni kidonge, na kidole kimekuwa cha njano. Ni dume.

Nimemwita jirani aje aone. Alinyamaza, kisha akaniambia kuna msuku nyuma ya kanisa, barabara ya tatu kutoka kwetu, ambao yeye mwenyewe hula matunda yake kila Desemba. Tumekwenda pamoja, tumechuma ua moja: lina kitunda katikati. Nyuki walikuwa wanapita kati ya mti wangu na ule.

Sasa nataka jike langu. Nikipanda mbegu nitajuaje?

Mtunza kitalu, Kasapa

Kwa mbegu hutajua mpaka ichanue, na hiyo ni miaka mingi. Njia ni kubebesha: unakuza mche, kisha unaunga juu yake kijiti kutoka mti jike unaoujua. Malawi wamefanya hivyo, na miti iliyobebeshwa imezaa kwenye mwaka wa 3 au wa 4.

Desemba omba masuku ya kanisani. Osha kokwa, panda wiki hiyohiyo, kwa sababu zikikauka zinakufa. Kwenye mfuko changanya udongo wa chini ya mti wako mwenyewe, ule ambao mzee anasema una bowa. Bila huo uyoga mche unadumaa. Mche ukifika unene wa penseli nipigie, nitakuja na kisu.