Doria ya usiku kwa miguu: naomba uzoefu

Konstebo_Mpya: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza mafunzo Moshi, nimepangiwa kituo kilicho jirani na soko. Wiki ijayo naanza doria ya usiku, tuko wawili. Darasani tulifundishwa mengi, ila nyie mliozunguka vichochoroni mnazingatia nini hasa?

Sajenti_Mstaafu: Marahaba kijana. Kwanza tochi. Ishike kwa mkono usio wa silaha, mbali na kifua, maana mwenye jiwe hulenga mwanga. Usiiache inawaka muda wote. Macho huchukua dakika 20 na zaidi kuzoea giza, na mwako mmoja unaharibu yote. Msitembee bega kwa bega, achianeni hatua tano sita. Mmoja akihoji, mwenzake asimame pembeni, atazame mikono ya anayehojiwa na walio nyuma yake. Mimi nilichelewa kutazama mikono mara moja tu, kovu lipo kiganjani hadi leo. Ukigonga mlango, kaa ubavuni mwake. Na badilisheni njia na saa. Mkipita vilevile kila siku, hata mbwa wa mtaa watawakariri.

Mama_Doria: Kabla ya kuingia uchochoroni, taja ulipo kwenye redio. Halafu wasalimie muuza chipsi na walinzi wa maduka. Wao huona kabla yako.

Konstebo_Mpya: Asanteni sana. Na hao mbwa wenyewe je?

Sajenti_Mstaafu: Usikimbie. Rudi nyuma taratibu. Mwenzangu alikimbia, akaacha kiatu.