Kuapudeti kompaila katikati ya msimu wa kahawa bila kumwambia mtu ni roho mbaya

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa na hasira mnivumilie. Nipo Moshi, natunza programu ya C (lugha ya kuandikia programu) niliyoirithi, inasoma uzito kwenye mizani halafu inamtolea mkulima risiti, iko kituo cha kupokea kahawa huko Marangu. Juzi printa ya kituo ikafa wakanunua aina nyingine, nikatakiwa nibadilishe mistari miwili tu ya kukata karatasi.

Napiga make, amri inayoita kompaila (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa kitu mashine inaweza kuendesha), erori 63!! Wakati mwezi uliopita ilikompaili vizuri. Kucheki toleo la kompaila naona GCC 14 na sisi tulikuwa na 12, kumbe dogo wa ofisini wikiendi kaipandisha mashine toka Debian 12 (mfumo endeshi wa mashine) kwenda 13, hajasema kwa mtu, na kompaila ya zamani kaifuta eti inajaza diski. Kompaila mbili zinakaa mashine moja bila kugombana, unaandika CC=gcc-12 kuchagua ile ya zamani basi, sasa alikuwa anafuta nini?

GCC 14 yenyewe siilaumu. Zamani ukiita funkisheni (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) ambayo haijatangazwa unapewa woningi unaendelea, sasa inagoma, na hiyo tabia ilishaondolewa kwenye C tangu 1999. Kuna faili lilikuwa linaita strlen na strcpy, funkisheni za maandishi, bila #include <string.h>, nimeweka huo mstari unaozitangaza juu pale erori zikapungua. Zilizobaki ndo mbaya, mtu kaweka pointa (anwani ya kitu kwenye memori) ndani ya int (namba nzima, kawaida biti 32), kwenye mashine ya biti 64 inakatwa nusu, hilo ni bomu limelala humo miaka. Nazitafuta moja moja huku dogo ananiambia "braza si uweke tu -fpermissive". Yaani erori zigeuzwe woningi tu, niizibe mdomo kompaila kwenye programu inayopima jasho la watu??

Na huko kituoni siku mbili karani anaandika kwa peni na karatasi ya kaboni, foleni mpaka barabarani. Leo kanitumia picha ya daftari, mama mmoja mizani ilisoma kilo 37.4 yeye kwa haraka kaandika 34.7, bahati mama alikuwa anaangalia mizani akagoma kusaini. Wangapi hawakuangalia?

Nimebakiza erori 4. Usiku huu silali, kesho napanda Hiace ya kwanza na flashi mfukoni.