Takwimu za umma zinazobadilika kila dakika: zitolewe ghafi, au ukurasa wa kutazama unatosha?

Mtoa hoja

Ndugu wachangiaji, taasisi nyingi za umma siku hizi huonyesha kwenye tovuti zao vipimo vinavyobadilika kila baada ya dakika chache: kina cha mito, mitetemeko ya ardhi, mahali mabasi yalipo, idadi ya wagonjwa wakati wa mlipuko. Mtu hufungua ukurasa, huona namba, akaendelea na shughuli zake. Ninachouliza ni kama taasisi ikishaonyesha namba hizo imemaliza wajibu wake, au inapaswa pia kuzitoa zikiwa data ghafi ambazo skripti, yaani programu fupi, ya mwananchi yeyote inaweza kuzisoma yenyewe. Mimi nashikilia kwamba haijamaliza, na sababu yangu imetokana na jambo lililonipata.

Niliandika skripti kwa JavaScript, lugha ya programu, isiyofika mistari hamsini, iliyokuwa ikifungua ukurasa wa taasisi moja kila baada ya dakika kumi na tano, ikitafuta jedwali lililofichwa ndani ya HTML, yaani msimbo unaojenga ukurasa, ikichukua safu ya tatu yenye kina cha maji, kisha ikiongeza nukta moja kwenye grafu. Ilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Siku moja mstari ukadondoka kutoka mita 2.4 hadi sifuri, ukakaa hapo kwa muda wa saa nzima, kisha ukapanda tena pale pale ulipokuwa. Mto haukuwa umekauka. Kipima maji ndicho kilichokuwa kimezimika, na taasisi iliacha kisanduku kitupu kwenye jedwali. JavaScript ikipewa maandishi matupu, yaani `Number("")`, hailalamiki, hurudisha 0. Python, lugha nyingine ya programu, ikipewa `float("")` hukataa na kusimamisha kazi papo hapo, jambo linaloudhi usiku wa manane lakini ambalo lingeniokoa. Kosa lilikuwa langu, kwa maana nilipaswa kukagua kama kuna kitu kabla ya kukigeuza kuwa namba. Hata hivyo ukurasa ule haukusema popote kwamba kipimo hakipo. Jicho la binadamu likiona kisanduku kitupu huelewa, ilhali skripti hulazimika kukisia, na makisio yake huonekana kwenye skrini yakiwa na sura ile ile ya ukweli.

Nilipochunguza zaidi nikagundua jambo lililonisumbua kuliko hilo la sifuri. Juu ya ukurasa paliandikwa saa, nami nilikuwa nikiichukua kuwa saa ya kipimo, kumbe ilikuwa saa ambayo seva, yaani kompyuta inayotoa ukurasa, iliutengeneza. Kwa hiyo kina cha maji kilichopimwa saa mbili zilizopita kilikuwa kikionyeshwa kama cha sasa hivi, kwangu na kwa kila aliyekuwa akiutazama ukurasa ule kwa macho yake. Kwa mtu anayeamua kama avuke au asivuke, saa mbili si jambo dogo.

Linganisheni na jinsi Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, linavyotoa habari za mitetemeko. Lina faili la mitetemeko yote ya saa moja iliyopita, katika GeoJSON, muundo wa maandishi wa data za mahali, ambalo huandikwa upya kila dakika. Kila tetemeko lina kitambulisho chake, lina saa ya kutokea, lina saa nyingine inayoonyesha lini habari zake zilirekebishwa mara ya mwisho, na lina neno linaloeleza kama kipimo kimetoka kwenye mtambo moja kwa moja au kimekwisha kupitiwa na mtaalamu. Mwanafunzi wa wiki ya tatu anaweza kulisoma faili hilo kwa Python. Atakosea kitu kimoja tu kwa hakika: saa zimeandikwa kwa milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na Python huhesabu kwa sekunde, hivyo asipogawanya kwa 1000 atapata kosa badala ya tarehe. Kosa hilo litajitangaza lenyewe, nami napenda makosa ya namna hiyo.

Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Agizo 2019/1024 la Umoja wa Ulaya linazitaka taasisi za umma kutoa data zinazobadilika mara tu zinapokusanywa, kupitia mlango ambao programu huutumia kuomba data, yaani API. Marekani ilipitisha sheria yake, iliyotiwa saini Januari 2019, inayotaka data za serikali kuu zitolewe katika muundo unaosomeka na mashine. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa hoja iliyofikiriwa. Mimi kazi yangu ni kutunza seva, na sikubaliani nawe kwa sababu tatu, ingawa ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi.

Mzigo ni sababu ya kwanza. Skripti elfu moja zikiuliza kila baada ya sekunde kumi, hayo ni maombi mia moja kwa sekunde, usiku na mchana, mengi yakiuliza jambo ambalo halijabadilika. Binadamu huchoka na kufunga kivinjari, skripti haichoki. Agizo ulilolitaja lenyewe linatambua hilo, kwani linaruhusu taasisi isiyo na uwezo wa fedha au wa kiufundi kuchelewesha data au kuweka vizuizi vya muda. Sababu ya pili ni kwamba kipimo kibichi kinaweza kuwa na hitilafu, na kikishasambaa hakirudi.

Ya tatu ni imani yako kwamba muundo unaosomeka na mashine utatuponya. Kumbukeni Uingereza mwaka 2020. Matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 yalifika Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko wakati huo, yakiwa katika mafaili ya CSV, muundo mwepesi kabisa wa maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, ambao skripti yoyote huusoma. Yakahamishiwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, XLS, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa bila kelele. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Data zilikuwa ghafi, zilikuwa safi, na bado zilipotea mikononi mwa wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Unataka tuzikabidhi kwa kila mwenye skripti ya mistari hamsini?

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja dogo. Neno "ghafi" linahitaji mipaka. Data za mabasi za muundo wa GTFS Realtime, unaoeleza mahali mabasi yalipo kwa sasa, husafirishwa kwa Protocol Buffers, njia ya kufunga data isiyo ya maandishi, na ukilifungua faili lake kwa kihariri cha maandishi utaona alama zisizosomeka mpaka uwe na maelezo ya muundo wake. Ni data wazi, nyepesi kwa mtandao, lakini anayeanza hukwama mlangoni. Tukidai data ghafi tuseme pia katika sura gani.

Mtoa hoja

Nimewasoma wote wawili kwa makini. Kwa mchangiaji wa pili sina ubishi: JSON, muundo wa maandishi ambao GeoJSON ni aina yake, au CSV itolewe sambamba na ule muundo mzito, na herufi ziwe za UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, ambao kwa JSON inayopita kati ya mifumo tofauti ni sharti tangu RFC 8259, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 2017.

Kuhusu mzigo, ndugu yangu, naona tiba ipo na ni ya zamani. Seva ikijibu iweke alama ya toleo, ETag. Skripti inaporudi huitaja alama hiyo, na kama hakuna kilichobadilika seva hujibu kwa namba 304, yaani hakuna jipya, bila kutuma data yoyote. Anayezidisha hujibiwa 429, yaani umeuliza mno, pamoja na idadi ya sekunde anazopaswa kusubiri. Tena faili la dakika moja halitengenezwi upya kwa kila anayeuliza. Huandikwa mara moja na kugawiwa kutoka kwenye hifadhi ya karibu. Skripti yangu iliyokuwa ikipekua HTML ilikuwa ikivuta ukurasa mzima, pamoja na picha ya nembo iliyofungwa ndani yake, kwa ajili ya namba moja. Kukosekana kwa data ghafi hakukuizuia kuuliza. Kuliifanya iulize kwa gharama kubwa zaidi kwenu ninyi mnaotunza seva. Na sisi waandishi wa skripti tuna letu la kurekebisha: wengi wetu hupanga kazi ianze sekunde ya sifuri ya kila dakika, wote kwa pamoja, wakati kusubiri sekunde chache za kubahatisha kabla ya kuuliza kungetawanya msongamano huo.

Mfano wako wa Uingereza umeniuma, kwa sababu ni wa kweli na kwa sababu kilichotokea pale kinafanana sana na sifuri yangu ya mtoni. Katika visa vyote viwili kitu kilikosekana na hakuna aliyeambiwa. Ndiyo maana sidai namba tupu. Nadai kila faili litaje lina rekodi ngapi, ili anayelisoma ahesabu alizopokea na kulinganisha, na skripti isimame zikipishana. Nadai kipimo kisichopatikana kiandikwe waziwazi kuwa hakipo, pamoja na sababu yake kama inajulikana. Kwa maandishi matupu JavaScript hurudisha sifuri, na hata kwa `null`, yaani alama ya "hakuna kitu", hufanya vivyo hivyo, hivyo neno la hali ya kipimo ni lazima liwepo kando ya namba yenyewe, na skripti ilisome hilo kwanza. Hitilafu za vipimo vibichi nazo zinaelezeka kwa neno hilo hilo, kama USGS wanavyofanya.

Upande wa skrini, natoa ahadi ninayoweza kuitimiza. Grafu yangu sasa hukatika pale kipimo kinapokosekana, haishuki. Chini ya namba ya mwisho kuna umri wake kwa dakika, unaohesabiwa kutoka saa ya kipimo, nao huendelea kuongezeka hata mtandao ukikatika. Ukipita dakika thelathini namba hufifia na maneno "kipimo cha zamani" hujitokeza.

Palipobaki ni hapa. Nilikuwa nimekuja na dai kwamba data zitolewe papo hapo kwa kila taasisi, na kwa hilo nalegeza: taasisi yenye seva moja na fundi mmoja inaweza kutoa faili kila baada ya dakika kumi na tano, hata saa nzima, mradi ratiba hiyo itangazwe na ifuatwe. Lakini saa ya kipimo, kitambulisho, hali ya kipimo na idadi ya rekodi sivilegezi, kwa sababu havihitaji seva kubwa. Wewe unayetunza seva, ningependa unijibu: kati ya vinne hivyo, ni kipi ambacho taasisi yako ingeshindwa kukiandika kesho asubuhi?