Mjadala: Mbarara iongeze pampu Rwizi, au ivute maji ya Kagera?

Mwanzisha mada, Kakoba

Wakubwa, salamu. Kiangazi kikishika hapa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, ni yale yale: bomba linatoa hewa, jerikani zinapanga foleni, na mwenye tangi ndiye mfalme. Wengi mjini wanadai shirika la maji la taifa, NWSC, lifunge pampu kubwa zaidi kwenye mtambo wake wa Ruharo na kuongeza maji ghafi (yasiyosafishwa bado) linayovuta mto Rwizi. Wengine wanasema nguvu zote ziende Nshungyezi, wilaya jirani ya Isingiro, kwenye mradi wa kuleta maji ya mto Kagera hadi huku mjini.

Mimi niko upande wa Kagera. Pampu haizai maji. Rwizi unaanzia milima ya Buhweju, na vinamasi vilivyokuwa vikihifadhi mvua na kuiachia kidogo kidogo vimelimwa, vingine vimechimbwa udongo wa matofali. Mvua ikinyesha mto unakuja mwekundu kwa tope, ikikata unabaki mkondo mwembamba. Ukifunga pampu ya mara mbili hapo utaukausha mapema zaidi, basi. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020 na majumba yanapanda kila kilima. Mto haujapandishwa cheo.

Fundi pampu, Ruti

Nakubali nusu. Watu wanadhani ukiweka pampu ya pili kando ya ile ya kwanza, maji yanakuwa mara mbili. Bomba likibaki lilelile, kupitisha maji mara mbili kunaongeza msuguano karibu mara nne. Mota zinakula umeme na tangi halijai. Halafu mto ukishuka hadi karibu na mdomo wa bomba la kuvutia, pampu inameza hewa, inanguruma kama imemwagiwa kokoto, na mapanga yake yanalika. Mchanga unamalizia. Kwa hiyo hata kama mngebaki Rwizi, kazi ya kwanza ni mahali pa kuchotea na bomba lenyewe.

Lakini msituuzie Kagera kama maji ya bure. Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kagera iko chini bondeni. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kimo cha mita 100 kunataka kama uniti 0.4 za umeme, tena kwa pampu nzuri, bado msuguano wa safari yote hiyo ya vilima. Zidisha kwa maji ya jiji zima, kila siku. Mkopo wa ujenzi una mwaka wa mwisho, bili ya umeme haina.

Mwanzisha mada, Kakoba

Fundi, bili hiyo haitaangukia Mbarara peke yake. NWSC hutoza bei moja katika miji yake yote.

Fundi pampu, Ruti

Basi itamwangukia mtu wa Gulu, kule kaskazini, ambaye Kagera anaisikia redioni tu.

Mkulima, Buhweju

Huku juu mmezoea kutulaumu. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 100 ziachwe kando ya mto mkubwa kama Rwizi, sawa. Mbona huko mjini kwenu migomba, gereji na sehemu za kuoshea magari viko mpaka ukingoni? Mimi shamba langu nililirithi. Mkitaka nirudi nyuma mita 100, nionyesheni nitalima wapi. Fedha za pampu mpya zinapatikana haraka, za kumfidia mkulima zinaundiwa kamati. Nina wasiwasi Kagera ikifika mjini, Rwizi utasahaulika kabisa, kwa sababu wenye sauti hawatakuwa wanaunywa tena.

Mwanzisha mada, Kakoba

Hilo la mwisho, mzee, limenigusa. Sina jibu lake.

Mama wa Nakivale

Samahani wakubwa, mimi ni mkimbizi, naishi Isingiro. Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo yako katika bonde hilohilo la Rwizi mnaloligombania, kwa hiyo mnachokivuta Ruharo kinapungua huku kwetu. Hapo namuunga mkono mwanzisha mada. Lakini bomba la Kagera litapita Isingiro kuja kwenu, na Isingiro ni kukavu kuliko Mbarara. Je, limewekewa sehemu ngapi za kuchotea maji njiani? Na siku umeme ukikatika Nshungyezi, maji machache yaliyobaki yatajaza tangi la nani kwanza?