Majirani Section 58, Nakuru: Bogi ni nini?

Mama Tasha: Hamjambo majirani. Nani anajua gofu hapa? Tasha ameshinda akitazama gofu kwa TV, sasa ananiuliza bogi ni nini na mimi sina jibu.

Mzee wa Reli: Bogi ni za treni, mama. Nimezihesabu pale stesheni ya Nakuru mpaka nikastaafu.

Baba Njeri: 😂😂 Mzee, mtoto anauliza ya gofu.

Chebet: Ulizeni Ochi. Si alikuwa kedi, wale wa kubebea wachezaji begi za gofu, kabla afungue kinyozi?

Mama Tasha: @Ochi

Baba Njeri: Maji yamekuja ama ni kwangu tu hakuna?

Chebet: Huku chini yamekuja. Huko juu presha haifiki, mwambie keyateka.

Ochi: Nilikuwa nanyoa mtu. Mama Tasha, kila shimo limewekewa idadi ya mipigo, inaitwa paa. Kwa paa 4, ukimaliza na 5 umepiga bogi. 6 ni dabo bogi. Ukimaliza na 3 ni badi, 2 ni igo.

Mama Tasha: Kwa hivyo bogi ni kuharibu.

Ochi: Siku hizi. Zamani ilikuwa sifa. Ngojeni nikae chini niandike vizuri.

Ochi: Coventry, Uingereza, 1890. Mchezaji mmoja, Hugh Rotherham, alitaka kila shimo liwe na idadi maalum ya mipigo, mtu ashindane na hiyo idadi badala ya kushindana na mwenzake. Wazo likafika klabu ya Great Yarmouth, huko huko Uingereza. Miaka hiyo kulikuwa na wimbo umevuma kuhusu Bogey, zimwi la kutishia watoto. Inasimuliwa kwamba Meja Charles Wellman alishindwa na hizo hesabu mpaka akamwambia Dkt. Browne, katibu wa klabu hiyo: huyu mchezaji wako ni Bogey kabisa. Haonekani, hachoki, na hakosei hata shimo moja.

Baba Njeri: Apul Apul!!

Ochi: Huyo huyo, ila amebeba fimbo za gofu.

Mzee wa Reli: Kwetu ni irimu. Endelea kijana.

Ochi: 1892 Browne akapeleka mchezo huo kwa klabu ya wanajeshi kule Gosport. Wakati huo hungeweza kuwa mwanachama pale bila cheo. Wakaamua mgeni asiyekosea hawezi kuwa chini ya kanali. Akawa Kanali Bogey.

Chebet: Zimwi limepewa ukanali bila intavyuu 😭 na sisi tunangoja barua ya kupandishwa cheo mpaka leo.

Mama Tasha: Sasa alishukaje?

Ochi: Wamarekani. Neno paa lilikuwepo, lilitoka kwa soko la hisa. 1870, kabla ya mashindano ya gofu ya Open pale Prestwick, Scotland, mwandishi A. H. Doleman aliuliza wachezaji wawili ni mipigo mingapi ingetosha kushinda. Wakamwambia 49 kwa yale mashimo 12, naye akaiita paa. Lakini 1911 chama cha gofu cha Marekani kikaipima kwa yadi: mpaka 225 ni paa 3, mpaka 425 ni 4, mpaka 600 ni 5. Tayari mipira yenye nyuzi za raba ndani ilikuwa inaenda mbali kuliko ile ya zamani, na Kanali bado anahesabu kama 1890. Mashimo mengi hesabu yake ikabaki pigo moja zaidi ya paa, ndiyo bogi ya leo.

Mzee wa Reli: Basi Kanali hakuharibu. Aliachwa na treni.

Ochi: Na wengi niliowabebea begi wakipata bogi walikuwa wanafurahi kabisa! Mtu wa hendikapu 18, yaani anaruhusiwa kama mipigo 18 zaidi ya paa kwa mashimo 18, bogi kila shimo ni siku yake nzuri. Wanaolia ni wale wa TV.

Mama Tasha: Tasha anauliza badi ni zimwi pia?

Ochi: Hapana, ni ndege. Huko Marekani kitu kizuri sana walikiita ndege. Inasemekana ilianzia Atlantic City, Ab Smith alipopiga mpira ukatua karibu kabisa na shimo. Baadaye yakaongezwa majina ya ndege wengine: igo, yaani tai, na albatrosi, mipigo mitatu chini ya paa.

Chebet: Na heroe je? Ziwa lote hili Nakuru na gofu haina heroe?

Baba Njeri: Andikia chama barua 😂 Ochi, unafunga saa ngapi?

Ochi: Saa tatu. Kuja sasa, hakuna foleni.